Kadi Isiyo na Alama

Aldona Venckus alikuwa karani wa simu katika soko la hiari la Chicago, panapouzwa hati za hisa, na watu walimjua kwa sauti kuliko kwa uso. Mkulima mmoja wa Iowa alizungumza naye kila wiki kwa miaka mingi asipate kumwona hata kwenye picha. Daktari wa meno wa Milwaukee alimwita shangazi, na wangekutana njiani wangepishana bila salamu. Mwenyewe hakujali. Alikuwa mfupi, amejaa kidogo, nywele zimeanza kuingia mvi, na alipozungumza kwenye simu alikuwa na desturi ya kuziba sikio la pili kwa kidole, maana kelele za mle ndani zilikuwa za kumtoa mtu roho.

Mume hakupata. Akiulizwa husema, "Bahati ilipiga hodi nikiwa kwenye simu." Basi watu hucheka, na yeye hucheka nao, halafu hurudi kwenye simu. Alimtunza mama yake mtaa wa Marquette Park mpaka bibi yule akafariki akiwa ameshika rozari, na tangu hapo nyumba ilikuwa yake peke yake, na viazi vya kupika vilikuwa vya mtu mmoja.

Kazi ya mle sokoni si ngumu kuieleza. Mtu hanunui hisa yenyewe. Anatoa kitu mfano wa arubuni, anapewa hati yenye haki ya kusema: mpaka mwezi fulani nina ruhusa ya kuinunua hisa hii kwa bei hii, nikitaka. Hisa ikipanda, hati ile inakuwa mali, na anaweza kumuuzia mwingine. Isipopanda, siku yake ikitimia inabaki karatasi ya kufungia samaki. Wengine hawana subira ya kukaa wakitazama bei kutwa, wana ng'ombe wa kukamua na meno ya watu ya kung'oa. Hao humwachia karani oda: zangu uza zikifika hapa. Oda ile huandikwa kwenye kadi, na kadi hukaa sokoni ikingoja bei yake. Na kadi ziko namna mbili. Yenye alama ya kudumu hukaa mpaka mwenyewe aifute. Isiyo na alama ni ya siku ile tu, kengele ya jioni ikilia nayo imekufa.

Bosi wake alikuwa Emmet Garrity, mzee mrefu aliyepinda mgongo kidogo, koti lake la kazi la kijani limepauka mabegani. Emmet alisimama shimoni, pale wanapopigiana kelele na ishara za mikono, tangu soko lilipofunguliwa. Alikuwa na kiti. Kiti chenyewe hakikaliwi na mtu, ni jina tu wanaloipa haki ya kusimama pale kufanya biashara, na huuzwa na kununuliwa kama shamba. Emmet hakuwa na shamba jingine. Mkewe alikuwa amekufa, watoto hawakuwapo, na ukimtoa shimoni hukujua umweke wapi.

Soko lilikuwa limeanguka vuli iliyopita, wakubwa kwa wadogo wakaumia. Emmet aliwalipa wateja wake wote, akiba yake ikaenda. Majira ya kuchipua yalipofika, nyumba ya biashara iliyokuwa ikimdhamini ilimtumia mtu mwenye tai nyembamba. Aldona alikuwapo mezani, akayasikia yote.

"Bwana Garrity, tunakuheshimu," yule mtu alisema. "Lakini huna kitu nyuma yako sasa. Likitokea kosa kubwa tena, hatuwezi kukubeba. Itabidi kiti kiuzwe."

"Kosa halitatokea," Emmet akajibu.

"Makosa hutokea, mzee."

"Kwako. Hapa kuna Aldona."

Aldona alitamani asingesema hivyo.

Sasa, katika makampuni ambayo hati zake ziliuzwa pale shimoni kwao palikuwa na kampuni ya matrekta ya Harlan na Voss. Mambo ya wakulima yalikuwa mabaya miaka ile, matrekta hayanunuliwi, na wakubwa wa kampuni wakaona dawa ni kubadili jina. Wakajiita Norvane. Hata wao sidhani kama walijua maana yake. Na kampuni ikibadili jina, hubadili na herufi zake za sokoni, zile chache zinazosimama badala ya jina lake, na hapo ndipo kazi ya karani inapoanza kuwa kazi.

Kwa maana sheria ya soko ilikuwa hivi: herufi za zamani zikifa, oda zote zilizokuwa zikingoja chini yake zinakufa nazo. Hakuna oda inayovuka yenyewe. Kadi hurudishwa kwa makarani zikiwa furushi, na karani hana ruhusa ya kuandika mpya kwa kukisia. Lazima ampigie kila mwenye oda amwulize tena: bado unaitaka? Mtu aliyesema ndiyo wakati wa theluji, pengine leo anasema hapana.

Kengele ya Ijumaa ilipolia, kadi zikarudi. Aldona akatengeneza kahawa, akavuta kiti, akaanza kupiga simu.

Dom Pusateri, karani wa meza ya jirani, alikuwa anavaa koti aende zake. Huyu Dom alikuwa na ulimi, lakini moyo wake haukuwa mbaya.

"Aldona, unakesha na wafu leo?"

"Nenda kanywe bia yako, Dom."

"Mimi wangu nimewapigia wote. Dakika moja moja. Wewe kila mteja unamwuliza na hali ya paka wake. Weka basi na sanduku la sadaka hapo."

"Ukitia wewe, nitaweka."

Dom akacheka, akaondoka.

Daktari wa meno alikuwa wa kwanza. "Futa, shangazi," alinong'ona. "Mke wangu amegundua." Mwingine alikuwa amehama, simu ikapokelewa na mtu asiyemjua. Wendell Tasker wa Peoria hakupokea. Aldona akamwekea salamu kwenye mashine ya kurekodi sauti, akaendelea.

Akampigia Orval Stuhr, yule mkulima wa Iowa. Orval alikuwa na hati nyingi za kampuni ile, amezidunduliza wakati hakuna aliyezitaka. Alikuwa na imani ya ajabu na matrekta. Ghala lake lilikuwa limeungua, na alitaka auze hati zile bei ikifika, ajenge jingine kabla ya mavuno.

"Orval, ni Aldona wa Chicago. Ile oda yako ya Harlan na Voss imefutwa. Nataka neno lako niiandike upya."

"Nani kaifuta?"

"Soko. Kampuni imebadili jina."

"Mimi trekta langu limeandikwa jina la zamani ubavuni, na asubuhi limelima."

"Shambani lima kwa jina lolote. Huku wanataka jipya."

"Haya dada, andika. Bei ile ile, zote. Ikae mpaka niseme basi. Na wewe kikohozi kimepona?"

"Kimepona."

"Kunywa maji ya moto. Huko kwenu kuna upepo mbaya."

Aldona akacheka, akaandika kadi. Jina, herufi mpya, idadi, bei. Alama ya kudumu huandikwa mwisho, ndivyo mikono yake ilivyozoea. Akamsomea Orval, Orval akasema sawasawa, wakaagana. Kalamu ilikuwa bado iko juu ya kadi, simu ya pili ikalia.

"Mimi ni Lenore Tasker," sauti ya mwanamke ilisema. "Umeacha maneno kwenye mashine. Unamtafuta Wendell."

"Ndiyo, mama. Ni habari ya oda yake tu. Akiwa na nafasi..."

"Tumemzika Jumanne."

Aldona akaiweka kalamu chini.

Kuna makarani ambao wangesema pole, wangeandika futa, wakakata. Aldona hakuwa wa namna hiyo. Yule mama alisema kwamba hakujua mumewe alikuwa na oda yoyote. Alisema aliposikia sauti ya Aldona kwenye mashine ikimwita Wendell kwa jina, kwa furaha, kama mtu ambaye hajaambiwa, alikaa jikoni akaisikiliza tena na tena. Alisema ilikuwa kama Wendell bado ana mahali anapotafutwa.

"Alikuwa anapiga sana?" Lenore aliuliza.

"Kila Jumatatu."

"Alikuwa anasema nini?"

"Habari za hisa kidogo. Nyingi habari zako. Alisema unaimba kwaya, na sauti yako inamshinda mpiga kinanda."

Kule Peoria pakasikika kilio, kilio cha mtu mzima aliyejizuia tangu maziko. Aldona akakaa naye. Alimwambia kila alichokikumbuka. Walipoagana kahawa ilikuwa imepoa, wafagiaji wameshaingia na mifagio yao mipana. Akafuta macho, akazikusanya kadi alizokwisha kuandika, ya Orval katikati yao, akazifunga na mpira kwa ajili ya Jumatatu.

Kuteleza si kuanguka, ndivyo tunavyosema, na huwa kweli kama chini hapana shimo.

Jumatatu kadi ziliingia, herufi mpya zikawaka ukutani. Kila mtu shimoni alikuwa anazikosea na kutukana. Kengele ya jioni ilipolia, kadi za siku zilizokufa zilikuwa rundo kubwa kuliko kawaida, na makarani wa soko wakazitupa pipani kwa mikono miwili. Hakuna aliyezisoma. Aldona alikwenda nyumbani akalala usingizi mzuri, akijua kwamba oda ya Orval ipo mahali pake.

Siku mbili baadaye ikavuma kwamba Wajapani wanataka kuinunua Norvane. Bei ikaruka. Shimoni watu walipandana migongoni. Hati zilipita bei ya Orval, zikakaa juu saa nzima au zaidi, halafu kampuni ikatoa tangazo kwamba ni uvumi mtupu, na bei ikaporomoka mpaka chini ya pale ilipoanzia. Kabla ya mchana kwisha, hati zile zilikuwa za kufungia samaki.

Orval alipiga simu anahema.

"Dada! Nimesikia redioni, nimeliacha trekta linanguruma shambani. Zangu zimekwenda?"

"Ngoja niangalie, Orval. Usikate."

Aliangalia kwenye karatasi za mauzo, hakuna. Akadhani wamechelewa kuleta. Akamwendea karani wa soko, na yule karani akapekua, akasema chini ya jina la Garrity hakuna oda ya Norvane inayongoja. Aldona akaanza kukasirika. Akarudi mezani, akatoa nakala ya kadi, amwonyeshe. Ndipo akaiona. Jina, herufi, idadi, bei. Pembeni, palipo mahali pa alama, peupe.

Akashika meza.

Dom alikuwa anamtazama. Akaja, akaisoma kadi juu ya bega lake, na mara hii hakutania.

"Oda yenyewe kubwa?"

"Kubwa."

"Nisikilize." Dom akapunguza sauti. "Sema soko limeipoteza. Wiki ya kubadili herufi kila kitu kinapotea, nani atabisha? Ile kadi ya Jumatatu imekwenda na pipa. Nakala hiyo weka alama sasa hivi. Kalamu hii hapa."

Aldona aliitazama kalamu. Kwenye simu Orval alikuwa anangoja, na kwa mbali, nyuma ya pumzi zake, trekta lilisikika. Alikifikiria kiti cha Emmet. Ingekuwa ni mambo yake mwenyewe angekataa bila kufikiri, lakini haya yalikuwa ya Emmet, na kalamu ilikuwa pale, na alama ni mkwaruzo mmoja tu. Alifikiri kwa muda mrefu, na baadaye aliona haya kwa urefu ule. Halafu akaenda shimoni na kadi kama ilivyo.

Emmet aliisoma akiwa amesimama, watu wakimpiga vikumbo. Akaigeuza, akaisoma tena.

"Emmet, hii kadi mi..."

"Ngoja." Akainua mkono. Pale shimoni kulikuwa na desturi ya wazee, na Emmet aliishika kuliko sala zake: mteja hulipwa kama kwamba kosa halikuwapo, hulipwa kabla ya kengele ya asubuhi, na jina la aliyekosea halitajwi. "Bei ilipita pale pake?"

"Ilipita. Ilikaa."

"Basi mzee wa Iowa ameuza. Kamwambie ameuza, bei yake aliyoitaka."

"Emmet, kiti..."

"Yuko kwenye simu?"

"Yuko."

"Usimweke sana. Simu ya mbali ghali."

Akarudi kwenye simu. Akaziba sikio. "Orval," alisema, "zimekwenda. Zote. Kwa bei yako."

Mkulima alipiga ukelele ambao hata Dom aliusikia. "Nyinyi ndio watu! Mungu akupe maisha, dada! Mwambie na Emmet. Mwambie ghala nitalipaka rangi nyekundu kwa ajili yake!"

"Nitamwambia."

"Mbona sauti yako hivyo? Kikohozi kimerudi?"

"Kimerudi kidogo, Orval."

Yule mtu wa tai nyembamba alikuja kabla wiki haijaisha. Hakusema mengi, hata tunaweza kusema alikuwa na adabu. Kiti kilinunuliwa na vijana wa nyumba kubwa ya New York. Siku ya mwisho Emmet alifanya kazi mpaka kengele, akauza na kununua kama kawaida, na ilipolia, watu wa shimoni wakaacha kukusanya karatasi zao, wakapiga makofi. Wengine walikuwa na hasira na macho mekundu. Mmoja akapaza sauti, "Kosa la nani, Emmet?" na Emmet akajibu bila kugeuka, "Letu," akavua koti, akalikunja, akatoka nalo kwapani.

Aldona naye alitaka kuacha kazi. Aliandika barua, akaichana. Vijana wale wa New York hawakuwa na mtu anayewajua wateja, wakamwomba abaki, na yeye alikuwa na nyumba ya kupasha moto na umri ambao hauajiriki. Akabaki. Simu zikaendelea kulia na watu wakamwuliza, Emmet yuko? Anasema, amepumzika.

"Amepumzika!" Orval akasema. "Safi sana. Mtu amechuma, amepumzika. Mimi nitafia kwenye trekta. Msalimie."

Jumapili moja akapika viazi vya kwao Lithuania, vya kuoka na mayai, wenyewe huviita kugelis, akaenda kwa Emmet kule mtaa wa Beverly. Alikuwa ameyapanga maneno tangu kwenye basi. Emmet alimfungulia akiwa na kandambili na sweta lililotoboka, na nyumba ilikuwa na harufu ya nyumba ambayo dirisha halifunguliwi. Televisheni ilikuwa wazi, sauti imezimwa. Alikuwa amekonda.

"Karibu, karibu. Umebeba nini, sufuria au jiwe?"

"Viazi."

"Walithuania nyinyi mkifa mtazikwa na viazi." Akatafuta sahani. Zilikuwa mbili tu safi.

Wakala. Akampa salamu za Orval, akamweleza kwamba ghala limesimama, na mkulima amelipaka rangi nyekundu kweli, na anamsifu Emmet kwa majirani, anasema, kuna mtu wangu Chicago amechuma akapumzika. Emmet alicheka mpaka akakohoa, akafuta machozi kwa mkono wa sweta.

"Hakujua lolote?"

"Hajui lolote."

"Vizuri. Ndivyo inavyotakiwa." Akala kidogo. "Na pale pangu, anasimama nani?"

"Kijana mmoja. Anasimama kama anasubiri basi."

"Atazoea. Hata mimi nilianza hivyo."

Aldona akaweka uma chini. Alikuwa amebeba jambo lile tangu siku ile kama mtu aliyebeba maji moto, hana pa kuyatua, na alichotaka ni kitu kimoja: aseme ni mimi, na mzee amtukane, au amsamehe, lolote kati ya hayo.

"Emmet," alisema. "Ile kadi. Niliiandika..."

"Kadi gani?" Emmet akauliza.

Aldona alimtazama. Yule mzee alikuwa na macho ya upole kabisa, na alikuwa anakata mkate, vipande vinene vya mtu aliyezoea kukata vya kwake tu.

"Kadi ya Orval. Alama..."

"Aldona, mama, sikumbuki kadi." Akamsogezea kipande. "Kula. Viazi vyako vina chumvi nyingi, lakini usiku nitavila tena."

Akaupokea mkate. Alijua kwamba mlango ule hautafunguliwa tena, kwamba mzee alikuwa ameufunga kwa heshima yake, na heshima ile ndiyo iliyomwumiza. Angeshitakiwa angeomba radhi. Hakushitakiwa na mtu. Akautafuna mkate, akaushusha kwa chai.

Emmet hakuuona mwaka mpya. Kanisani walijaa watu wa shimoni, na nje, wakingoja jeneza, wavutaji sigara walibishana kama kawaida yao juu ya nani aliyemponza Garrity. Wengine walisema ni yule mtu wa tai, wengine ni kuanguka kwa soko, wengine Wajapani. Aldona alisimama katikati yao na kilemba chake cheusi. Akafungua kinywa. Dom akamshika kiwiko, taratibu, akamwambia, "Baridi hii, dada, twende ndani," naye akaingia.